Namna ya Kupata Mawazo Mapya Kila Siku katika Mavazi, Usanifu, Safari na Vitabu Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Fundi cherehani, mpambaji wa kumbi, mwandishi, mchora ramani za nyumba na mama mwenye mgahawa wana shida moja inayofanana: kazi zao zinadai mawazo mapya kila wiki, ilhali siku zao zinapita kwa mtindo uleule. Wengi hukimbilia simu, wakatazama picha za watu wa mbali kwa saa nzima, kisha wakatengeneza kitu ambacho mafundi wengine mia wamekwisha kukitengeneza kutokana na picha hizohizo. Mtu anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu hana haja ya kuishia hapo, kwa kuwa amezungukwa na vitu vilivyoundwa kwa akili nyingi na watu waliolazimika kukabiliana na baridi, miinuko, mvua na umbali wa masoko. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitazama vitu hivyo, kuviandika na kuvigeuza kuwa kazi ya mikono yako.

Kanuni ninayoitetea ni moja, na yote yatakayofuata yanatokana nayo: chukua sababu ya kitu, iache sura yake. Kila kitu kilichotengenezwa vizuri kina jambo lililokilazimisha kiwe kilivyo, na jambo hilo ndilo lenye thamani kwako. Ukinakili sura ya kikapu kwenye kitambaa utapata picha ya kikapu tu. Lakini ukielewa kwa nini msusi ameukaza ukingo na kuuacha mwili wa kikapu ukiwa laini, utakuwa na wazo unaloweza kulipeleka kwenye gauni, kwenye begi la shule au kwenye kiti cha barazani.

Daftari kwanza

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni na penseli, kisha utembee navyo kila siku. Kila unapoona kitu kinachokusimamisha, andika umekiona wapi, kikoje, na unadhani kwa nini kiko hivyo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka, na kwa kuiruka hubaki na madaftari yaliyojaa vitu wasivyoweza kuvitumia. Mfano wa maandishi yanayofaa ni huu: "Sokoni, asubuhi. Muuza ndizi amevaa sweta, amejifunga kanga ya kwanza kiunoni na ya pili mabegani. Fundo la kanga ya juu liko upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru kuchagua ndizi na kupokea fedha." Mshona nguo akisoma maneno hayo wiki mbili baadaye atajua afanye nini: koti linalofungwa pembeni badala ya katikati, kwa ajili ya mwanamke anayefanya kazi kwa mikono. Kama angepiga picha tu, angebaki na picha ya mama aliyejifunga kanga.

Simu haikatazwi. Inasaidia sana kuhifadhi rangi na vipimo, lakini picha hujaa haraka na kusahaulika, kwa hiyo jipangie jioni moja ya wiki ya kuzipitia na ufute kila picha ambayo huwezi kuiandikia sentensi moja ya sababu. Kabla ya kumpiga mtu picha, au hata kupiga picha bidhaa zake, msalimie na umwombe ruhusa. Sokoni kwetu mtu anayeanza na "Shikamoo, mama, naomba nikuulize kuhusu kazi yako" hupewa maelezo ambayo hakuna kamera inayoweza kuyanasa, na Iringa au Njombe ukiongeza "kamwene", salamu ya wenyeji wa huko, mazungumzo hufunguka zaidi.

Mavazi: geuza nguo ndani nje

Darasa bora la mavazi jijini Mbeya liko kwenye meza za mitumba, Mwanjelwa na maeneo yanayoizunguka. Saa belo linapofunguliwa ni saa ya kununua, kwa sababu watu husongamana na kila mmoja anavuta lake. Ukitaka kujifunza, nenda mchana, meza zikiwa zimetulia na muuzaji ana nafasi ya kuzungumza. Tafuta koti la sufu au jaketi lililoshonwa vizuri na uligeuze ndani nje. Tazama bitana imeshikizwa wapi na imeachiwa wapi, kwa kuwa bitana iliyoshonwa ikakazwa kila mahali humvuta mvaaji anapoinua mikono. Pitisha kidole kwenye mshono wa bega. Mara nyingi utakuta utepe mwembamba ulioshonewa humo ili bega lisilegee kwa uzito wa koti zima. Angalia kitundu cha kifungo: nyuzi zimesongamana kiasi gani, na je, mwisho wa tundu umezungushwa au umekatwa wima? Chunguza kola kwa chini, uone kwamba kitambaa cha upande wa chini kimekatwa kidogo kuliko cha juu, na hiyo ndiyo sababu kola inalala vizuri badala ya kupinduka.

Mambo hayo hayaonekani kwenye picha, na mshonaji anayeyajua hutofautiana kabisa na yule anayefuata mitindo kwa macho. Ni kweli kwamba mitumba imewanyima mafundi wetu wateja wengi, na sitaki kulipunguza jambo hilo. Hata hivyo nguo hizo zimekwisha kufika, ndani yake mna ujuzi wa viwanda vya nchi nyingi, na fundi anayeufumua mshono mmoja wa koti bovu la bei ya chini huondoka na somo ambalo chuoni lingemgharimu ada.

Baada ya meza ya mitumba, kaa nusu saa kwa fundi anayerekebisha nguo, si yule anayeshona mpya. Mwulize nguo huletwa zikiwa zimeharibika wapi. Atakutajia makwapa, magoti, pembe za mifuko, na zipu za majaketi ya bodaboda, ambao hupigwa na upepo wa baridi asubuhi yote. Orodha yake ni ramani ya mahitaji ya watu wa mji wako. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba katika nyanda hizi huwafanya watu wavae tabaka juu ya tabaka: fulana, shati, sweta, kitenge, mzula kichwani, na saa sita jua likiwaka wanaanza kuvua moja moja bila kuwa na pahali pa kuviweka vyote. Mbunifu wa mavazi aliyepo Njombe au Makete ana kazi ya kutosha katika swali hilo moja, na mitindo ya Dar es Salaam haiwezi kumjibia, kwa kuwa kule hakuna anayeliuliza.

Kanga nayo itazame kama mpangilio. Ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa karibu na pindo la chini, na sehemu hizo tatu zimepangwa kwa kuzingatia kwamba nguo itakunjwa, itafungwa na itaonekana kwa nyuma mvaaji anapopita. Ichukue doti moja, uifunge kwa njia zote unazozijua, na kila mara uandike sehemu gani imejificha na ipi imejitokeza. Mchora matangazo na msanifu wa majalada watajifunza humo jinsi ya kuweka maneno machache mahali ambapo jicho litayakuta hata kama karatasi imekunjwa.

Usanifu: kutoka Isimila hadi kwenye mafiga

Kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, liko bonde la Isimila. Wengi huenda kupiga picha kwenye nguzo ndefu za udongo na mawe zilizochongwa na maji na upepo, na nguzo hizo zinastahili safari. Lakini mtu anayetafuta mawazo ya usanifu atumie muda mrefu zaidi kwenye zana za mawe, ambazo zilifanyiwa uchimbuzi mkubwa mwaka 1957 na 1958 na zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Tazama shoka la mkono kwa utulivu. Limechongwa pande zote mbili hadi pande hizo zikakaribia kulingana. Ncha yake ni nyembamba, kingo ni kali, na kitako ni kinene kwa sababu ndicho kinachokaa kiganjani. Aliyelichonga alijua mkono unaumia wapi na nyama inakatika wapi, akaondoa kila kipande kisichohitajika. Chora umbo hilo kwenye daftari, kisha uchore kisu cha jikoni kwako, kijiko cha kupakulia na kifuniko cha chupa, na kwa kila kimoja uulize mkono unakikamata wapi. Mwanafunzi wa usanifu ataelewa kwa zoezi hilo mambo ambayo mihadhara mingi huyazunguka.

Mjini Iringa kwenyewe, vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe vinauzwa kwa bei nafuu na vimebeba somo la aina nyingine. Milulu ni majani ya maeneo ya unyevunyevu. Hukatwa, hukaushwa, na baadhi hutiwa rangi kabla ya kusukwa. Kishike kikapu kikiwa kitupu, kisha ukijaze viazi. Utaona mwili unavyotanuka kufuata mzigo huku ukingo ukibaki imara, na mistari ya rangi, ambayo kikiwa kitupu ilikuwa imelala, ikijifungua kwa tumbo la kikapu. Nenda pia kwenye karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu, uone ufumaji na karatasi zinazotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Uliza jinsi kila fundi alivyorekebisha kifaa chake kilingane na mwili wake, kwani humo ndimo ubunifu mkubwa ulimojificha.

Ukifika upande wa Kyela, vyungu vya Wakisi vitakufundisha ukiwa tayari kuuliza maswali. Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe huvifinyanga bila gurudumu, na vingi hufika sokoni Lyulilo, karibu na Matema, kwa mitumbwi. Kitako cha mviringo, ambacho mgeni hudhani ni kasoro kwa sababu chungu hakisimami mezani, kimewekwa hivyo kwa ajili ya mafiga matatu: moto unazunguka chini yote, na chungu kinatulia hata kama mawe hayalingani. Msanifu wa samani anayehangaika na sakafu zisizo sawa, na vijijini sakafu nyingi si sawa, ana jibu lake hapo, kwani miguu mitatu haichezi.

Nyumba za matofali ya kuchoma hazihitaji maelezo marefu. Tembea mtaani kwako jioni, uguse ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, uhisi joto ambalo bado linautoka, kisha ujiulize ni nyumba ngapi mpya zimeweka kitanda mbali na ukuta kama huo, ilhali usiku wa huku ni wa baridi.

Safari fupi yenye mengi

Safari ya kutafuta mawazo haihitaji ndege. Panda gari la abiria Uyole asubuhi, ukae dirishani, ushuke hadi Kyela. Ni zaidi ya kilomita 100 kidogo, lakini unatoka kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi hadi karibu na ukingo wa Ziwa Nyasa, ambalo mwinuko wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kila kitu kinabadilika njiani. Juu utaona mashamba ya viazi mviringo na watu waliofunga makoti hadi shingoni. Kuelekea Kiwira na Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa takriban mita 2,960, ardhi inakuwa ya kijani kilichokolea, migomba inazisonga nyumba, na chai inalala kwenye miteremko. Ukishuka zaidi masweta yanavuliwa, rangi za nguo zinafifia na kuwa nyepesi, kakao inaonekana chini ya vivuli vya miti, na mwisho unaingia kwenye tambarare ya mpunga na joto la ziwa.

Kazi yako katika safari hiyo ni kuchagua kitu kimoja tu na kukifuata mwanzo hadi mwisho. Chagua mapaa, au milango, au jinsi watoto wanavyobebwa mgongoni, au mabango ya maduka, na uandike kila kinapobadilika. Anayejaribu kuandika yote hurudi na maneno ya jumla kama "mandhari nzuri". Anayefuata mapaa peke yake huanza kuona urefu wa paa unaotokeza nje ya ukuta, mahali maji yanapoangukia, na jinsi baraza lilivyopatikana kutokana na mvua. Safari inayofuata, fuata kitu kingine kwenye barabara ileile.

Uwanda wa Kitulo unastahili kupangiwa siku zake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 na ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, ambayo ni pamoja na aina zipatazo 45 za maua yaitwayo okidi. Unaweza kupandia Chimala kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, jina lililotokana na idadi ya kona zake, au kupitia Isyonje. Nenda kati ya Desemba na Aprili, maua yakiwa yamechanua, na uvae vizuri. Wengi hutegemea kuona zulia la rangi, na wapo wanaovunjika moyo kwa dakika za kwanza kwa sababu wanaona majani tu. Piga magoti. Maua mengi ya kule ni madogo na yako karibu na ardhi, na kila moja limebeba rangi chache: zambarau yenye ulimi wa njano, au nyeupe iliyoguswa na waridi. Andika uwiano unaouona, yaani sehemu ngapi za kijani kwa sehemu moja ya rangi kali, na utumie uwiano huo utakapopanga rangi za ukumbi wa harusi. Wapambaji wetu wengi hufanya kinyume, wakaijaza rangi ya damu ya mzee na dhahabu kila pembe, na jicho la mgeni likakosa pa kupumzika. Usichume ua wala kuchimba chochote: okidi za huku zimekwisha kuumizwa vya kutosha na biashara ya viazi vyake, ambavyo huliwa nchini Zambia kwa jina la chikanda.

Vitabu

Kuhusu vitabu ushauri wangu ni mfupi. Jiandikishe kwenye maktaba ya mkoa, iwe ya Iringa au ya Mbeya, na kila unapoazima chukua kitabu kimoja kinachohusu kazi yako na kingine kilicho mbali nayo kabisa. Mshona nguo asome kuhusu ufugaji wa nyuki, na mchora ramani asome mapishi. Mawazo mengi mazuri huzaliwa pale mambo mawili yasiyofahamiana yanapokutana katika kichwa kimoja, na mtu anayesoma fani yake peke yake huyakosa. Ukisoma riwaya ya Kiswahili, nakili kwa mkono aya moja ambayo mwandishi anaeleza chumba au vazi, kisha ujaribu kukichora chumba hicho kwa kutegemea maneno yake tu. Utagundua kwamba mwandishi hodari ametaja vitu vitatu au vinne na kukuachia wewe uyajaze mengine, na mpangaji wa duka au mgahawa anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuondoa nusu ya mapambo yake.

Kutoka kwenye daftari hadi mezani

Wazo lililoandikwa likakaa mwezi mzima hupoteza nguvu. Jiwekee utaratibu wa kutengeneza kitu kidogo ndani ya wiki ileile, kwa gharama isiyouma: kola moja kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi, mchoro mmoja wa baraza, ukurasa mmoja wa hadithi, sahani moja mpya kwenye mgahawa. Onyesha kwa mtu atakayekitumia, wala si kwa rafiki atakayekusifu, na umtazame anavyokishika. Akikigeuza upande usioutarajia, andika hilo pia, kwa sababu hapo ndipo toleo la pili linapoanzia. Siku ambazo hakuna kinachokuja, rudi kwenye kurasa za zamani za daftari, uchague sababu moja uliyowahi kuiandika na uipe kazi mpya, bila kutoka nje kutafuta kingine.

Baki na uaminifu kwa waliokufundisha. Ukichukua sababu ya kitu na kuitengenezea umbo lako, umefanya kazi ya ubunifu. Ukichukua nakshi ya msusi au mfinyanzi ilivyo na kuichapisha kwenye bidhaa zako, umechukua mali yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda hata sanaa za jadi dhidi ya kutumiwa kibiashara kiholela. Kwa hiyo mfuate aliyekitengeneza, mkubaliane malipo, na kama anaridhia, andika jina lake na kijiji chake kwenye lebo ya bidhaa yako, kwa herufi zinazosomeka.